Mashine Yako, Tonton, Ndiyo Haijui Jumapili

Bukavu, tarehe 14 Novemba 2023. Asubuhi ukungu juu ya ziwa, manyunyu hadi saa tatu, kisha jua dhaifu.

Kwa Mheshimiwa Tonton Stanislas,
Katibu wa kituo cha afya, njia ya Nyangezi.

Tonton,

Nakuandikia kwa heshima ya mpwa kwa kaka wa mama yake, na kwa uchungu wa fundi aliyesingiziwa. Juzi, siku ya Mungu, wamama kumi na wawili waliteremka milimani na watoto mgongoni kwa ajili ya chanjo, wakakuta mlango umefungwa. Karatasi zao za rendez-vous, yaani za miadi, zilitoka kwenye mashine yako, na tarehe zilipangwa na maktaba yangu mpya. Kwa sisi tunaoandika programu, maktaba si chumba cha vitabu. Ni furushi la maagizo ambalo programu nyingine huliazima. Jioni uliiambia familia nzima kwamba kosa ni langu mimi, Emérence, na kwamba wengine kumi na tisa wameshapewa Jumapili ijayo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kosa si langu. Lugha tunayoandikia programu hutolewa upya kila mwaka, kama kalenda ya parokia, na kila kituo kimebaki na toleo lake. Kituo cha Luvungi wana jipya kabisa. Wewe una la zamani kuliko yote. Kwa hiyo mimi hujenga maktaba moja na kuijaribu katika matoleo manne, moja kwa siku. Daftari langu lina safu nne, zilizoandikwa kwa kalamu za bic za rangi nne. Wiki iliyopita courant ya umeme ilikatika mara kumi na moja. Kila iliporudi niliwasha mashine, nikatazama daftarini nimefika toleo gani, nikaendelea. Matoleo yote manne yalikubali. Mashahidi wanne, Tonton, dhidi ya mashine moja yenye vumbi.

2. Umeniaibisha. Maman Chantal, aliyetoka mbali kuliko wote, alikuuliza mbele ya mlinzi: "Papa Stani, hii mashine yenu iko ya dini gani? Inaita batu siku ya Mungu!" Nawe, badala ya kuitetea sayansi, ukamjibu: "Uulize mutoto ya dada yangu, ni yeye alibatiza hii mashine." Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yako. Tangu hapo dada yangu Mélanie ananiita Madame Dimanche, yaani Bibi Jumapili, hata akitaka chumvi tu.

3. Naomba mashine hiyo iondolewe. Iwekwe stoo, uso ukutani, isije ikaambukiza nyingine.

4. Kama haiwezekani kuiondoa mashine, basi iondolewe Jumapili. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Matoleo manne hayawezi kukosea kwa pamoja. Mashine yako haiwezi kubadilika. Wewe hutaki kubadilika. Kilichobaki ni juma lenyewe. Muuguzi Francine afanye kazi Jumapili, apumzike Jumatatu. Paroko akiombwa vizuri atasogeza misa ya pili. Waamini watazoea. Hata mimi nitazoea, ingawa naimba sauti ya pili na hatuko wengi.

5. Nikikataliwa hayo yote, nitahitaji barua ya msamaha yenye muhuri wa kituo, isomwe mbele ya Mélanie.

Wako mtii katika yote isipokuwa haya,
Emérence

Unisalimie Maman Eulalie mke wako, watoto wote, Francine, mlinzi, na hata Maman Chantal akirudi.

N.B. Nilitaka kuambatanisha ushahidi wa toleo la zamani. Basi nikaiomba mashine yangu, kwa mara ya kwanza, iandike yenyewe inatumia toleo gani. Ikaandika jipya. Nikachagua la zamani, nikasubiri courant ikatike (haikunichelewesha), nikawasha: jipya tena. Kumbe kila ikizimika inasahau nilichochagua, na mimi siku zote nilikuwa nasoma namba daftarini, si kwenye mashine. Mashahidi wangu wanne ni shahidi mmoja niliyembadilishia rangi ya bic.

Nimelijaribu toleo lako, safari hii kwa kweli. Lenyewe huanza kuhesabu siku za juma na sifuri. Mapya huanza na moja. Maktaba yangu iliambiwa iruke siku yenye namba saba, yaani Jumapili, na kwako namba hiyo haifiki kamwe. Kosa ni langu, na lina urefu wa mstari mmoja. Nimelirekebisha. Usiiondoe mashine yako; ndiyo pekee iliyokuwa inasema ukweli.

Ningeichana barua hii, lakini mimi huhifadhi makosa yangu yakiwa na tarehe. Karatasi kumi na tisa tayari ziko mikononi mwa wamama, na hakuna programu inayoweza kwenda kuzikusanya milimani. Tafadhali umwombe Francine afungue Jumapili hii. Nitakuja mwenyewe kwa pikipiki kabla ya saa moja asubuhi, nisimame mlangoni, nimwombe msamaha kila mama kwa jina lake.

Naenda kulala saa moja na nusu jioni, bila kula.