Ufuo wa Houtolu Usiokwisha

Jumatatu, 4 Agosti
Mchungaji amechoka na ugomvi wetu. Kasema mkutano wa kwaya, Jumamosi hii, utafanyika kwenye kijiji chenye ufuo mrefu kuliko vyote, maana wageni wanakuja kwa mashua na kila mashua inataka pa kutia nanga. Kila kijiji kijipime. Wanaogombea: sisi Houtolu, Fangalei ng'ambo ya ghuba, na Mataone. Mataone! Ufuo wao umenyooka kama rula. Hao hata siwahesabu.

Nimejitolea kupima. Nimeshamwahidi Lesieli, kiongozi wa kwaya yetu, kwamba ataimbisha uwanjani kwetu. Kacheka. Kicheko kizuri.

Nimetumia mwanzi mrefu, kazi ikaisha upesi. Kule Fangalei anayepima ni Feleti, mume wa dada yangu, kwa kasia. Katushinda! Mwongo mkubwa!

Jumanne, 5 Agosti
Si mwongo. Nimegundua ujanja wake. Mwanzi unaruka vighuba vidogo, kasia linaingia. Basi kipimo kifupi zaidi kitaingia hata nyufani! Nimepima upya kwa mwiko wa mama. Mwamba uleule, maji yaleyale, na Houtolu imerefuka! Nikawapigia Fangalei vigelegele kutoka ng'ambo.

Jioni nimesikia Feleti kashika kijiko cha chai.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekwenda kwa dada, 'Ilaisaane, kumwomba afiche vijiko vyote. Kakataa. Akachuma jani la kangaga akanionyesha: jani zima limefanana na jani dogo la pembeni yake, na hilo nalo limefanana na lililo dogo zaidi. Akasema ufuo ni vivyo hivyo, na mito, na radi, na hata mawingu.

"Kaka, kila ukisogea karibu, mikunjo inazidi. Haina mwisho! Acheni utoto!"

Nimemshukuru sana. Kama haina mwisho, basi asiyeacha kupima hashindwi!

Alhamisi, 7 Agosti
Njiti ya kiberiti. Kifudifudi tangu asubuhi, magoti yamechubuka. Nikafuata ufa mmoja mpaka ndani ya pango. Bahari ikajaa. Nyuma yangu kaa, mbele yangu maji!

Nani akapita na mtumbwi? Feleti. Na ndani yake nani? Lesieli, anakwenda Fangalei kuazima vitabu vya nyimbo.

"Shemeji, umefika wapi?" Feleti akauliza.

Nikamjibu kwa heshima kwamba niko nusu ya jiwe la tatu. Lesieli akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Lakini ndiye aliyenivuta, kwa mikono yake mwenyewe. Ana nguvu! Kwa jumla, siku njema.

Ijumaa, 8 Agosti
Mchungaji katuita kanisani kutaka majibu. Feleti kasema bado yuko gatini kwao. Mimi nikasema nimeanza jiwe la nne na yaliyobaki si mengi, ni ufuo mzima tu. Mchungaji akafumba macho. Nadhani aliomba. Alipoyafumbua akauliza nani amemaliza.

Mzee mmoja wa Mataone akanyoosha mkono. Walimaliza Jumatatu, kwa kamba.

Mkutano wakapewa Mataone! Nikasimama kupinga.

"Kaveinga, mwanangu," mchungaji akasema, "kaa chini kabla sijakupima wewe."

Jumamosi, 9 Agosti
Mataone wanajua kupika, lazima niseme. Nguruwe wa kuchoma, viazi vikuu, nyama iliyofungwa kwenye majani. Lesieli kaimbisha hadi vikongwe wakacheza. Kanipa kipande cha ngozi ya nguruwe, ile inayolia mdomoni.

Feleti nami tulikaa mkeka mmoja. Tumepatana kabisa. Tumekubali kwamba tulikuwa wajinga wawili. Tukala tena. Ndipo akasema, kwa upole, kwamba mshelisheli wake una matawi mengi kuliko wangu.

Jumapili, 10 Agosti
Upuuzi mtupu!

Leo kazi ni marufuku, na mama ananiangalia. Lakini kuhesabu kwa macho si kazi. Niko chini ya mti tangu tutoke ibadani. Matawi makubwa nimemaliza, sasa naingia vitawi. Na mishipa ya majani, ukiitazama vizuri, nayo ni matawi.

Feleti hajui hilo!