Joka la Nyapara

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa tatu tangu niage nyumbani.
Nyapara katangaza: likizo ya Aprili ni ya mtu mmoja tu. Ama mimi, ama Kidevu, fundi vigae ninayelala naye chumba kimoja. Haki ni yangu! Mwanangu nilimwacha tumboni. Mke wangu anasema mtoto akiulizwa baba yuko wapi, anaonyesha simu.
Kidevu keshaanza kumpelekea nyapara chai. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua udhaifu wa nyapara! Saa ya chakula anajifungia ofisini kupaka rangi visanamu vya madini ya risasi. Mtu mzima, na kitambi chote kile! Wachawi, mbilikimo wenye mashoka, vyote havizidi kidole gumba. Anasema kiwanda kilichovitengeneza kilikufa zamani, kimoja kikiharibika ndiyo basi. Anachokipenda kuliko vyote ni joka kuukuu, limebabuka rangi. Anaogopa hata kuligusa kwa brashi.
Kuogopa rangi! Mimi nimepaka maghorofa.

Ijumaa, 7 Machi
Nyapara kaondoka mapema. Joka limetoka getini ndani ya kopo langu la chakula. Sikuiba. Nimeazima bila kumsumbua mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Kwanza kukwangua, ndivyo nilivyofundishwa. Maskini joka! Mwili mzima nyufa tupu, shingoni hadi mkiani. Nikakoroga puti, nikaziba zote. Nikapiga msasa hadi likateleza kama sabuni. Halafu rangi ya oili ya kijani iliyobaki kwenye geti la mteja. Meno, nyeupe ya dari.
Kidevu kachungulia. Nilitegemea kijicho. Kumbe kanisifu! Kasema, kaka, mkono mmoja wa rangi hautoshi, ongeza wa pili. Huenda nilimdhania vibaya.
Nimeongeza na wa tatu.

Jumatatu, 10 Machi
Nililirudisha mezani mapema, nikasimama pembeni kama bwana harusi. Nyapara kaingia. Kaliona. Kakaa juu ya ndoo yangu ya rangi. Ndoo haikuwa na kifuniko. Wala hakuhisi. Kauliza kwa sauti ndogo, magamba yako wapi? Nikamjibu kwa fahari: bosi, nimeyaziba yote, hata mvua ya masika haiingii!
Kidevu akaleta chai.
Likizo kapewa yeye. Mimi kila saa ya chakula nakwangua puti kwa sindano, gamba kwa gamba. Nyapara kasema nitaondoka siku gamba la mwisho litakapoonekana.

Alhamisi, 13 Machi
Kidevu anapanga sanduku huku anapiga mluzi. Kasema atapita kwangu, atampelekea mtoto mpira. Nimemwambia mpira aurushe kutoka mlangoni. Marufuku kumbeba. Asije akaitwa baba.

Jumapili, 16 Machi
Shingo safi! Ila ubawa umekatika. Nyapara hajui. Wasiwasi wa nini? Gundi ya vigae ya Kidevu iko chini ya kitanda, na oili ya geti imebaki robo kopo. Nitaunga, nitaziba kiungo kwa puti kidogo, mkono mmoja tu. Miwili basi. Kisha nitamshangaza nyapara na yule mchawi wake. Naye uso wote nyufa.
Nimempigia mke wangu. Nimemwambia amfundishe mtoto kuonyesha mlango, aachane na simu. Mwezi wa tano, rangi ikishakauka, nimefika.