Sukari Kwenye Chupa Sita

Mtaani walimwita Profesa, ingawa kitu pekee alichowahi kupima maishani ni uvumilivu wa watu. Alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kidevu povu, aliposikia mtengeneza sabuni akilalamika kwenye kiti cha pili.

"Hospitali hawanunui mpaka maabara ithibitishe kuwa sabuni yangu inaoza majini. Mwezi mzima kusubiri! Na baina yetu, sijui hata nilichotia mle."

Profesa akageuka ghafla. Wembe ukalikosa sikio kidogo tu. "Mzee wangu, maabara ile naingia kama jikoni kwangu. Cheti utapata. Mimi unikumbuke tu kwa ile pikapu iliyolala nyuma ya kiwanda."

Pikapu yenyewe haikuwa na tairi hata moja nzima. Mtengeneza sabuni, mtu asiyetoa hata salamu bure, alikubali haraka mno. "Funguo chukua leo. Kadi ya gari siku ya cheti."

Profesa akapeleka sabuni maabara, machoni miwani ya kuazima. Mpimaji, mama wa watoto wanne asiye na dakika ya kupoteza, alimweleza huku akijaza chupa sita. Maji, tone la uchafu wa bwawa la majitaka ili viwemo vijidudu, kisha sabuni. Vijidudu vikila sabuni, vinatumia hewa iliyomo majini. Chupa zinazibwa, zinakaa kabatini gizani siku ishirini na nane, kisha hewa iliyobaki inapimwa.

Profesa hakutazama kipi kinaingia wapi. Alikuwa anachunguza kabati: halikuwa na kufuli.

"Kwa hiyo vikishiba, tumefaulu?"

"Vikishiba sabuni."

Neno la mwisho halikumfikia. Jioni ileile alirudi akidai kasahau kalamu. Mpimaji alipotoka kupokea simu, Profesa alizibua chupa zote sita, akatia kila moja kijiko cha sukari, akaziba. Hakubagua hata moja. Kuna siku hata tapeli hutenda haki.

Wiki zilizofuata alizimalizia kwenye pikapu. Tairi nne mpya, betri mpya, rangi ya bluu. Kila jioni aliiosha na kuiita mke mdogo.

Siku ya ishirini na nane mpimaji aliwaita wote wawili.

"Chupa zote sita hazina hewa kabisa," alisema.

Profesa akamkonyeza mtengeneza sabuni. "Si nilikwambia?"

"Tatu kati ya hizo hazikuwa na sabuni, baba. Maji na vijidudu tu, za kulinganishia. Vijidudu visivyopewa chakula vimeshibaje?"

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Haikusaidia.

"Labda... vilikuwa na akiba?"

"Siku ile ya kalamu yako nilikuta sisimizi wamepanga foleni hadi kwenye kabati. Nimelea watoto wanne, sukari ikiibwa naijua, na ikimwagwa naijua. Saa ileile nikaandaa chupa nyingine sita, nikazifungia chumba cha pili." Akamsukumia mtengeneza sabuni karatasi. "Hizo ndizo zilizotoa cheti hiki. Sabuni yako imeoza vizuri kabisa. Umefaulu, mzee."

Mtengeneza sabuni akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani. Kisha akanyoosha kiganja.

"Funguo."

"Mzee! Cheti si umepata?"

"Nimepata kwa sabuni yangu. Wewe umeleta sisimizi."

"Na tairi zangu? Betri? Rangi?"

"Nimeziona, mwanangu. Rangi imetulia. Gari la kupeleka mzigo hospitali lilikuwa linanisumbua kichwa."

Akachukua funguo. Punde pikapu ikanguruma nje, ikawaka kwa jaribio la kwanza, maana betri ilikuwa nzuri.

Profesa akageukia mlango. Mpimaji alikuwa ameshasimama hapo, ndoo yenye sabuni ileile ya mzee mkononi.

"Ama polisi, ama kabati langu. Limenata pembe zote."

Profesa akapiga magoti, akasugua. Sabuni ilitoa povu zito na kung'oa sukari yote. Ilikuwa sabuni nzuri, na haikuwa imehitaji msaada wa mtu yeyote.