Kila Mstari Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Dharau hii! Bosi anatafuta kiongozi wa timu ya tovuti, na anayemtaja ni shemeji. Mdogo wa mke wangu! Niliyemleta mwenyewe ofisini na kumtafutia hadi kiti! Eti kafungua kumbukumbu ya mradi wa duka la mtandaoni, ile inayoonyesha nani wa mwisho kugusa kila mstari wa msimbo, yaani maandishi yanayoendesha tovuti, na shemeji kajaa tele. Mimi nimo kwenye ukurasa wa "Wasiliana Nasi". Nusu yake. Uamuzi Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kuna programu ya kunyoosha msimbo. Inasawazisha nafasi, inatia nukta mkato zilizosahauliwa, na kila mstari inaougusa unaandikwa jina la aliyeiendesha. Yaani mimi. Nikamwambia bosi mradi ni mchafu, unatia aibu. Akakubali, ila nianze na faili moja, nimwonyeshe shemeji kwanza. Nimwonyeshe shemeji! Nimenyoosha zote kwa mpigo. Nikaiamuru pia ifute chochote inachodhani hakitumiki. Ikatoa maonyo mekundu, skrini nzima. Nikayazima. Sijazoea kufokewa na programu.

Jumatano, 5 Machi
Raha! Duka zima ni langu, kuanzia mstari wa kwanza. Bosi kaangalia, kanyanyua nyusi. Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaendelea kupakua chakula, kisha akauliza, "Kwa hiyo umeandika wewe, au umepanga tu?" Swali la ukoo wao hilo. Sikuongeza mboga.

Alhamisi, 6 Machi
Hujuma! Kitufe cha kulipa kimekufa. Wateja wanajaza vikapu, wanabofya, kimya. Bosi akatuita wote, akafungua kumbukumbu kutafuta aliyegusa kitufe. Mimi. Akapekua kosa la anwani linalolalamikiwa tangu mwaka juzi, kabla sijaajiriwa. Mimi. Kuna hata maneno aliyoacha fundi wa zamani: "Sijui kwa nini hii inafanya kazi, msiguse." Chini yake, jina langu!

Bosi akauliza taratibu, "Kuna mstari wowote humu ambao si wako?"

Nikajibu hakuna hata mmoja. Nilijibu kwa kifua mbele, kabla sijaelewa swali linaelekea wapi.

Shemeji akarudisha kipande kilichofutwa, kitufe kikafufuka. Watu wakampigia makofi. Kwa kipande kimoja!

Ijumaa, 7 Machi
Uonevu mtupu. Shemeji ndiye kiongozi. Mimi nimekabidhiwa malalamiko yote ya wateja, ya zamani na mapya, kwa kuwa kila mstari ni wangu. Mke wangu kampigia mdogo wake simu ya pongezi. Mimi kanitumia ujumbe nisisahau sabuni.

Halafu shemeji kaja mezani kwangu na ile sauti yake ya upole. "Shem, nikirudisha toleo la zamani, majina yatarudi kwa wenyewe. Lawama nazo zitakuondokea."

Mjanja huyo! Anataka kuninyang'anya mistari niliyoitolea jasho. Nimekataa katakata. Nikamwambia apeleke huruma yake kwa dada yake.

Na bado hajanijua. Kuna tovuti ya shule ya udereva, kaianza yeye wiki iliyopita, haina hata mstari mmoja wenye jina langu. Naishughulikia sasa hivi, kabla hajarudi kutoka kula.