Shikamoo Mita Sita Chini ya Maji

Wadau, leo nimejiaibisha mahali ambapo hata kukimbia huwezi.

Mnajua nafanya kazi kituo cha kupiga mbizi huku ughaibuni, Jebel Ali. Miaka miwili najaza mitungi hewa. (Mtu wa Kitui! Kwetu maji ya kunywa ni shida, sembuse ya kuzamia.) Leo ilikuwa sehemu ya bwawani ya mtihani wangu wa mbizi za kina kirefu. Nikipita, khalas na mitungi, naanza kuwa msaidizi wa mwalimu.

Shida ni kwamba kanuni zimekazwa. Zamani mtahini alikwambia kabisa, "Nikihesabu tatu, nitajifanya nimeishiwa hewa." Sasa hakuna kuambiwa. Anakujia ghafla, ananyoosha mkono, nawe unatoa kipumulio mdomoni mwako unampa palepale, halafu unachukua kile cha akiba. Wiki nzima nimefanya mazoezi na Mutua, ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Karama. Tulitumia kijiko badala ya kipumulio, hadi akanifukuza jikoni.

Mtahini ni Mzee Suleiman, Mzanzibari wa ndevu nyeupe. Hata arbab wetu, bosi mwenye kituo, akimwona anasimama. Asubuhi alisalimia kila mtu kwa mkono. Mimi nilikuwa stoo nahangaika na mitungi. Kutoka, nikamkuta ameshavaa miwani ya maji, yuko ukingoni mwa bwawa. Yaani mzee mzima sijamwamkia! Iliniuma sana, mama angejua angenipigia simu.

Tukazama. Mambo fiti kabisa. Nikainama kusoma kipimo changu cha hewa, najisifu moyoni. Kuinua kichwa, Mzee huyoo anakuja, mkono ameunyoosha.

Nilifurahi jamani! Nikajua amekumbuka hatujasalimiana.

Nikaupokea. Mkono wa kulia nikampa, wa kushoto nikashika kiwiko, magoti nikakunja kidogo. Nikatamka na "Shikamoo" (yalitoka mapovu matupu). Akauvuta mkono wake. Nikaona ni mapenzi hayo, nikautikisa zaidi! Akapitisha kidole kooni mara mbili: hewa imekwisha.

Ndipo akili ikarudi. Nikachomoa kipumulio haraka nimpe. Alikuwa ameshajirudishia chake mwenyewe, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Tulipoibuka, kituo kizima kilikuwa ukingoni.

"Mwanangu," akasema akijifuta macho, "mtu anakata roho, wewe wamwamkia?"

"Samahani, Mzee. Asubuhi hatukusalimiana."

"Marahaba. Umeanguka. Njoo Alhamisi, inshallah."

Kisha akaomba kalamu. Chini ya orodha ya kanuni mpya iliyobandikwa pale akaongeza yake: kabla ya kuzama, mtahini awasalimie watahiniwa wote wakiwa nchi kavu. Arbab akatia sahihi, anacheka hadi anashika ukuta.

Basi niombeeni Alhamisi. Na wewe unayecheka hapo, tukikutana Karama sikupi mkono.