Kofia ya Usingizi na Daftari la Shangazi

Waya hakuwa mgonjwa. Aliingia katika kliniki ile ya wazee kwa sababu mbili za heshima kabisa: ndani kulikuwa na feni, na pembeni kulikuwa na mtungi wa maji ya bure. Isitoshe, asubuhi hiyo alikuwa anamkwepa kinyozi mmoja ambaye yeye Waya alikuwa amemuuzia antena ya kunasa stesheni za dunia nzima, ambayo ukiitazama vizuri ilikuwa waya wa kuanikia nguo. Biashara za namna hiyo ndizo zilizompa jina lake.

Mbele ya benchi la wazee alisimama nesi, ameshika kofia laini iliyojaa nyaya. Alikuwa anawaeleza kwamba mtu akilala, ubongo wake haulali. Unafanya kazi ya kupanga mambo ya mchana, haya uyatunze, yale uyatupe, na kofia ile husoma mawimbi yake wakati mwenyewe anakoroma. Umri ukienda, mawimbi ya usingizi mzito hupungua, na watafiti walitaka kujua yakoje kwa wale walioanza kusahausahau kidogo. Kisha nesi akasisitiza kwamba kusahau kidogo si kurukwa na akili, na kwamba kofia peke yake haimhukumu mtu. Bahati mbaya, maneno hayo ya mwisho yalisemwa Waya akiwa ameinama kwenye mtungi wa maji.

Aliporudi kukaa, akamkuta jirani yake mpya, bwana mnene mwenye vumbi la saruji kwenye viatu, anabishana na karani wa mapokezi. Bwana huyo alikuwa muuza vigae, na alitaka cheti cha kuonyesha kwamba shangazi yake hana kumbukumbu tena. Karani akamwambia shangazi aje mwenyewe, apimwe na kuzungumza na daktari, na kwamba jambo hilo huchukua miezi. Muuza vigae akaketi kwa hasira na kufuta jasho. Waya akamtazama kwa upendo, maana nyama ilikuwa imekuja yenyewe buchani.

"Kaka, hapa utasubiri mpaka na wewe uzeeke," alimnong'oneza. "Mimi ni mtaalamu wa usingizi. Namfuata mtu nyumbani, nampima, natoa cheti chenye mhuri."

"Na cheti chenyewe kinasemaje?"

"Kinasema kile ambacho familia inakijua tayari."

Walielewana kabla feni haijazunguka mara kumi. Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba yake muuza vigae, mjane asiye na mtoto, na nyumba yake ilikaa pembeni mwa barabara kuu, mahali ambapo mpita njia hawezi kukosa kuiona. Muuza vigae alitaka kuivunja ajenge duka la ghorofa mbili. Shangazi hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Lakini siku hizi alikuwa anasahau. Funguo alikuwa anaziweka kwenye kopo la sukari, na swali moja aliuliza mara tatu. Cheti kikipatikana, muuza vigae angesaini kila kitu kwa niaba yake. Ujira wa Waya ungekuwa chumba cha chini cha duka jipya, kinachotazama barabara, awe na kituo chake cha biashara. Waya alikuwa na miaka arobaini na mbili, na hajawahi kuwa na mlango wake mwenyewe wa kufunga na kufungua. Alipousikia mlango huo ukitajwa, moyo ulimdunda kwelikweli.

Kifaa alikitengeneza kwa siku mbili. Alichukua kofia ya kuogelea, akaichomekea nyaya za redio mbovu, akaziunganisha na kile kimashine kidogo cha kutolea risiti dukani, ambacho alikuwa amekifundisha kuchora mistari ya kupanda na kushuka. Kilichora mawimbi mazuri mno. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba kila kikimaliza kilichapa ASANTE KWA KUNUNUA, KARIBU TENA, na ilibidi Waya awe mwepesi wa kuchana.

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio na miwani iliyofungwa gundi. Nyumba yake ilikuwa imejaa vikaratasi: kwenye kabati kimeandikwa CHUMVI IKO HUKU, kwenye jiko kimeandikwa UMEZIMA?, na mlangoni FUNGUO, MIWANI, DAFTARI. Waya, aliyeletwa na muuza vigae, alimwamkia kwa unyenyekevu, akaitikiwa, akaketishwa. Kabla hajafungua mdomo, Shangazi akafungua daftari nene.

"Msinione mkorofi," alisema. "Siku hizi nasahau. Kila anayeingia kwangu namwandika, na akitoka ananisainia ukurasa. Hata mwanangu huyu anasaini."

Waya alifurahi. Mtu anayeungama udhaifu wake mlangoni alikuwa amempunguzia kazi. Akatoa somo la nesi kwa sauti ya kitaalamu, akiongeza maneno pale alipoyasahau, na Shangazi akasikiliza kwa makini sana, akiuliza hili na lile. Aliuliza kwa nini asipimwe usiku. Waya akajibu kwamba usingizi wa mchana ni mwepesi na hivyo haubebi uongo, jibu ambalo lilimpendeza hata yeye mwenyewe. Basi Shangazi akavaa kofia, akajilaza kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, kimashine kikachora, Waya akachana, na wote wawili wakasaini ukurasa wakaondoka.

Walirudi mara tatu, maana cheti cha siku moja kingetiliwa shaka. Mara ya tatu, siku ya Jumanne, Shangazi alisema usingizi haumjii asipoandika kidogo kwanza. Akaketi na kofia yake kichwani na daftari magotini, kalamu inakwenda mbio. Waya akachungulia. Hakuona herufi hata moja. Kulikuwa na vikono, vimkia, vinukta na mikwaruzo, ukurasa baada ya ukurasa.

"Anaandika nini?" aliuliza.

Muuza vigae akatikisa kichwa. "Anachorachora tu. Leo kanisalimu mara mbili. Zungumza, usiogope. Hata akisikia, kesho hana habari."

Basi wakazungumza. Wakapanga mambo yao mbele ya mwenye nyumba kama watu waliokaa kwenye kibanda cha chai. Walipokuwa wanaaga, Waya akapata wazo ambalo alilihesabu kuwa kilele cha ufundi wake. Ile mikwaruzo iambatanishwe na cheti. Ni ushahidi gani unaozidi huo kwamba ubongo wa bibi umekwisha? Shangazi alipoombwa kurasa zile alisita kidogo, akauliza kama atarudishiwa, akawataka wasaini kwanza. Wakasaini. Waya alitia sahihi yake kubwa, ile yenye mkia mrefu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku hiyo Waya aliona zake zimefika mabegani.

Hati ya nyumba ilikuwa inatunzwa na wakili mmoja wa siku nyingi, mzee mkavu mwenye ofisi ya vitabu na vumbi, kwa hiyo shauri lilipelekwa huko. Shangazi aliletwa pia, amevaa gauni lake la safari, pochi mapajani. Muuza vigae alieleza kwa huzuni jinsi inavyouma kumwona mzazi akififia. Waya akakabidhi cheti, mawimbi, na zile kurasa, akasema kwamba sayansi haina huruma lakini ni lazima isemwe.

Wakili alikitazama cheti kwa muda mfupi. Mawimbi aliyatazama kwa muda mfupi zaidi. Alipofika kwenye kurasa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizi zimeandikwa na nani?"

"Ni yeye mwenyewe, mheshimiwa," alisema Waya. "Ndivyo mkono unavyokuwa ubongo ukichoka."

"Mkono huu haujachoka," alisema wakili. "Hii ni hati mkato, alama za kunasa maneno kwa kasi ya mdomo. Mimi nilianza maisha nikiwa karani mahakamani, na mama huyu ndiye aliyenifundisha. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anaandika kila neno linalotamkwa mbele ya jaji, na hakuna wakili aliyewahi kumwacha nyuma."

Muuza vigae alijua kwamba shangazi yake aliwahi kufanya kazi mahakamani. Siku zote alidhani alikuwa anapika chai. Wakili akainua ukurasa, akasoma polepole, kwa sauti isiyo na hisia.

"'Jumanne, saa nane na nusu mchana. Mwanangu amesema: Tukishapata sahihi, nampeleka chumba cha uani kwangu, mzee hahitaji dirisha. Mwenye kofia amesema: Mimi hata sijui nyaya hizi zinakwenda wapi, nimezitoa kwenye redio. Wamecheka. Wote wawili wamesaini.' Na sahihi hizi hapa. Hii yenye mkia ni ya nani?"

Waya alikuwa ametoka kwenye matatizo mengi kupitia madirisha, lakini dirisha la ofisi ile lilikuwa na nondo. Miaka yote alikuwa anakimbia watu bila kuacha nyuma hata karatasi, na leo alikuwa amebeba ungamo lake kwa mikono yake mwenyewe, akalifikisha, tena likiwa na sahihi.

"Ni kweli nasahau," alisema Shangazi kwa upole. "Yale ya Jumanne, Jumatano sikuwa nayo. Lakini mlipoondoka tu niliyaandika tena daftarini, na kila asubuhi nayasoma ninapokunywa chai, na kila asubuhi nakasirika upya. Hilo la dirisha ndilo lililoniuma zaidi." Alisema hayo akimtazama mtoto wa kaka yake, na muuza vigae akainamisha kichwa.

Wakili alikuwa ameshashika simu awaite polisi. Shangazi akamzuia, akatoa hukumu yake mwenyewe, na kwa kuwa amekaa na majaji miaka thelathini na mmoja, aliitoa vizuri. Mwanawe angemwekea bafuni vigae visivyoteleza, kwa mikono yake, bila fundi. Mwenye kofia angempeleka kliniki ya kweli, apange foleni kwa niaba yake, kisha awe anamtembeza kila siku atakayoambiwa na daktari. Kurasa zingebaki kwenye kabati la wakili, na kabati lingebaki na kufuli.

Kliniki walimpima kwa wiki kadhaa. Kofia yao haikuwa na ASANTE KWA KUNUNUA. Daktari alisema kusahau kupo, ila ni kidogo, na hakuna mwenye haki ya kumtolea uamuzi. Alale vizuri, atembee, azungumze na watu, arudi baada ya miezi sita. Shangazi akaandika yote. Waya akasaini.

Tangu siku hiyo, saa mbili kamili asubuhi Waya alikuwa mlangoni. Walizunguka mtaa mzima, Shangazi akimsimulia kesi za zamani, hasa za matapeli, na akimwonyesha ni wapi kila mmoja alikosea. Waya alikuwa anasikiliza kuliko alivyopenda kukiri. Siku moja akamuuliza kifungo chake kitaisha lini.

"Siku nitakayokusahau," alisema Shangazi. "Hapo utakuwa huru."

Zilipita wiki sita. Ikaja asubuhi moja Waya akagonga, mlango ukafunguka, na Shangazi akasimama kizingitini bila miwani wala daftari, anamtazama kana kwamba hajawahi kumwona.

"Karibu, baba," alisema. "Wewe ni nani?"

Uhuru wenyewe ulikuwa huo. Ilikuwa ni kusema amekosea nyumba, ageuke, apotelee mjini ambako watu wenye hela na wasio na subira walikuwa wanamngoja. Badala yake Waya aliingiwa na hofu, na safari hii haikuwa ya polisi. Alimshika yule mama mkono.

"Ni mimi, Shangazi. Mimi ndiye ninayekutembeza. Ngoja nikutafutie miwani, tunakwenda wote kwa daktari sasa hivi."

Shangazi akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa miwani, kisha daftari, kisha kalamu kutoka nyuma ya sikio.

"Saa mbili na dakika tano," aliandika huku akisoma kwa sauti. "Amechelewa. Nimemjaribu. Amefaulu." Akamgeuzia ukurasa. "Saini hapo, twende."