Chafya za Mume Wangu Zinanizuia Kuandika

Ndugu Mhariri,

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nikisema simu ilipokatika, kosa si langu hata kidogo. Kosa ni la mume wangu. Uliniuliza, kwa ile sauti yako ya upole inayomfanya mtu ajione mvivu, kama nimerudi kweli kuandika au nimekuja kusalimia tu. Nimerudi, Ndugu Mhariri! Nimerudi kwa miguu miwili na kalamu mkononi. Ila kuna kizuizi, na kizuizi hicho kina mabega mapana na penseli nyuma ya sikio, na kinaniita "mke wangu" kila baada ya sentensi mbili, kama mtu anayejaribu viatu vipya mbele ya kioo. Ona, nimeandika hivyo tu, tayari nacheka peke yangu.

Nakuandikia rasmi kwa sababu maneno ya simu hupeperuka, na jambo lenyewe si dogo. Umesema hadithi yangu isipofika kabla ya mwezi kuisha, ukurasa wa mwisho wa kijarida utampa yule bwana wa Makoti ya Mvua. Sina ugomvi naye. Anaandika vizuri, na najua wapo watu wanaosahau walikokuwa wakienda wakisikia koti la mvua likifunguliwa vifungo. Kila moyo una mlango wake. Lakini ukurasa ule ni wa chafya. Umekuwa wa chafya tangu kijarida chako kilipokuwa karatasi zilizobanwa kwa pini na kupitishwa mkono kwa mkono ndani ya bahasha. Hapo ndipo nilipoandika kwa mara ya kwanza kwamba roho yangu hutoka na kurudi mwanamume mzima anapoinua kidole, akafumba macho, akasema "subiri," halafu... na hakuna aliyenicheka. Shuleni walinicheka. Dada yangu alinicheka mpaka akakaa chini. Wasomaji wako waliniandikia kuuliza kama kuna nyingine. Siwezi kuupoteza ukurasa ule.

Nianze na kwa nini nilipotea, maana hukuwahi kuuliza. Nilipata kazi duka la dawa. Unaikumbuka kanuni yako ya kwanza: hakuna mgonjwa, hakuna makamasi. Chafya ya hadithi zetu ni safi. Ni ya vumbi, ya jua la ghafla, ya pilipili manga, ya unyoya uliopita karibu na pua kwa makusudi. Sasa fikiria mwandishi wa namna hiyo anawekwa kaunta msimu wa mafua. Walinipigia chafya usoni, kwenye chenji, kwenye mizani, mmoja kwenye chai yangu. Nikawa kama mtu anayependa keki aliyefungiwa ndani ya gunia la sukari. Kalamu nikaiweka juu ya kabati, na miaka ikapita juu yake. Nikadhani nimepona.

Halafu kiti cha wateja pale dukani kikachanika, na bosi akanituma nikipeleke kwa fundi wa makochi. Ndugu Mhariri, nisaidie kupumua! Fundi alikuwa anachana kochi la zamani. Jua liliingia mlangoni, na vumbi la miaka likapanda ndani ya ule mwanga kama moshi. Akaweka koleo chini. Akainua kidole. Akaniambia, "Samahani dada, subi..." na hakumaliza, kwa sababu chafya ilikuja mpaka mlangoni, ikabadili nia, ikaondoka, akabaki amefumba macho na kinywa wazi kama mtu anayesubiri habari njema. Kisha ikarudi na wenzake wawili. Alipofungua macho, alilipapasa lile kochi mgongoni, akaliambia, "Pole." Kochi! Hakuniambia mimi, aliliambia kochi!

Nilisahau kilichonileta. Kesho yake nikaenda kuuliza hali ya kiti. Keshokutwa nikaenda kuuliza kama kiti kimeniulizia. Sasa tumeoana, na bosi wangu bado anadai hajawahi kuona kiti kikitengenezwa taratibu kiasi kile.

Wahenga wamesema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kwa heshima zote, nadhani walikuwa wanaharakisha. Kikohozi unaweza kukimeza. Nenda kajaribu kumeza chafya.

Basi, baada ya utangulizi huo mfupi, malalamiko yangu ni haya.

La kwanza. Mume wangu anapiga chafya vizuri kupita kiasi. Mashujaa wangu wa zamani, yule karani wa posta, yule rubani, yule mpiga zeze mwenye kola nyeupe, wote niliwatunga kwa jasho, na wote walipendwa. Sasa ninapowasoma naona ni wanaume wa kadibodi. Mwandishi anawezaje kutunga wakati kilichotungwa kinazidiwa na kilichoko chumba cha mbele?

La pili. Chumba cha mbele chenyewe. Karakana yake ni chumba cha mbele, meza yangu iko chumba cha nyuma, na kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba ambao hauwezi kutunza hata siri ya kijiko. Nakaa. Nachonga penseli. Naandika, "Mvua ilikuwa imekatika, na mwashi mrefu akasimama mlangoni..." Na kule mbele nasikia nyundo inanyamaza. Wewe hujui maana ya nyundo kunyamaza! Nasikia pumzi ya kwanza. Ya pili. Mkono wangu unasimama hewani. Mwashi wangu mrefu anabaki pale mlangoni, maskini, hajui aingie au atoke, mwaka utaisha yuko pale pale. Mimi nimeshafika kwenye pazia, nachungulia.

La tatu. Anajua. Nilimwambia juma lile la harusi, nikiwa nimeficha uso ndani ya mto, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa alilonipa. Aliuliza, "Kwa hiyo siku ile ya kiti, haikuwa kiti?" Nikasema haikuwa kiti. Akacheka mpaka akapiga chafya, nami nikalia kwa furaha, na toka siku hiyo amekuwa msaidizi wangu, jambo ambalo ni balaa tupu. Anasoma rasimu zangu akiwa na pini mdomoni. Ananiambia, "Mke wangu, huyu mwashi wako ni mwongo. Mtu anayetaka kupiga chafya hatazami machweo. Anatafuta pa kuweka chombo alichoshika." Halafu anasimama kunionyesha! Nakuuliza kwa dhati, ni mwandishi gani atakayemaliza aya katika mazingira hayo?

La nne linamhusu mama mkwe, na ninaliandika kwa adabu zote. Yeye hana habari. Anachokiona ni mwanawe anapiga chafya kutwa, na mkewe, muuza dawa, amekaa anatabasamu. Alikuja Jumapili, akaweka mkoba chini, akasikia tatu mfululizo kutoka mbele, akanigeukia. "Mkamwana, wewe dawa za watu wote unazijua, za mumeo zimekwisha?" Nikamwambia, "Mama, jambo hilo nalifuatilia kwa karibu sana." Mume wangu akaingia ndani ya kabati la vitambaa kujificha asicheke. Mama mkwe akasema afadhali mtoto amepata mke anayemfuatilia.

La tano ni fupi, na ndilo lenye uchungu. Shibe mwana malevya. Nilipokuwa peke yangu niliandika kwa njaa, na njaa inajua kuandika. Sasa nina furaha mpaka visigino, na furaha haijui nukta iwekwe wapi. Naogopa, Ndugu Mhariri. Usicheke. Naogopa kwamba nimepata kile nilichokuwa nikikiandika, na kwa hiyo ukurasa wangu umekwisha kazi.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ichukue hatua zifuatazo.

Mosi, umwandikie mume wangu barua ya onyo, yenye mhuri, ukimwamuru kuvaa barakoa saa zote ninazoandika. Barakoa nitazitoa mwenyewe dukani.

Pili, akikaidi, uwatangazie wateja wake wote kwamba kochi lisilokung'utwa vumbi halitapokelewa.

Tatu, ikishindikana, kijarida kiwahimize wakazi wa mtaa wetu kuacha makochi ya kurithi na kununua mapya, ili vumbi la kale litoweke katika jamii. Najua hilo litamkosesha kazi. Fasihi ina gharama zake.

Nne, na hili ni la mwisho kabisa, mume wangu akabidhiwe kwako. Umhifadhi ofisini, kwenye kile kiti chako cha wageni chenye springi inayochoma, hadi nitakapomaliza hadithi. Sina masharti, ila ninywe naye chai asubuhi, nimletee chakula mchana, na jioni umruhusu aje nyumbani kulala. Na Jumapili yote.

Natumaini utaliona jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie bwana wa Makoti ya Mvua, mwambie asianze kutandika kwenye ukurasa wangu. Nisalimie yule mama wa maktaba aliyeandika kwamba hadithi ya rubani ilimfanya ashuke kituo kisicho chake. Nisalimie wa mashine ya fotokopi hapo chini kwako, anayejifanya hasomi anachochapa. Nisalimie kiti chenye springi pia.

Wako katika chafya safi,

Aliyekuwa Binti Kitambaa, sasa Bibi Kitambaa

Baada ya sahihi:

Ndugu Mhariri, puuza yote hapo juu.

Nilimpa mume wangu barua hii aipeleke posta, na kwa haraka ya mapenzi sikuifunga bahasha. Aliisoma mlangoni, amesimama. Akarudi ndani, akafungua mkoba wangu wa kazini, akatoa barakoa, akaivaa, akaifinya vizuri juu ya pua, akaenda kazini kwake.

Ungekuwepo uisikie nyumba yangu! Ilikuwa kimya kama darasa lenye mtihani. Nyundo ilipiga bila kusita. Mimi nilikaa mezani na utulivu wote niliouomba, nikaandika "Siku moja." Nikakata. Nikaandika "Palikuwa na mwashi." Nikakata mwashi. Nikachonga penseli mpaka ikabaki ya kumkopesha mtoto. Ndugu Mhariri, si chafya zilizokuwa zikinizuia. Nilikuwa nimejiambia hivyo kwa sababu nilikuwa naogopa, na sasa kisingizio changu kilikuwa kimevaa barakoa na mimi nimebaki na woga peke yake.

Nilivumilia hadi mchana, kisha nikaenda mbele nikamwambia aivue.

Akasema, kwa sauti ya ndani ya kitambaa, "Barua inasema nivae. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu."

"Barua imebatilishwa."

"Na ofisi ipi?"

Nikambembeleza. Akasema ataivua kwa sharti moja: nikae kwanza kwenye kochi kubwa la kijani alilomaliza kulijaza sponji mpya. Nikakaa. Sponji ikashusha pumzi ndefu chini yangu, fyuuu, kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

Na mume wangu akafumba macho, mkono kifuani.

Ndugu Mhariri, uso ule naujua. Ule ni uso wangu nikiwa nyuma ya pazia!

"Simama," akasema taratibu. "Kaa tena. Polepole, mke wangu." Nikakaa tena, polepole. Masikio yake yalikuwa mekundu. Tangu siku za uchumba amekuwa akiniita nijaribu kila kiti, kila mto, kila stuli, "hebu kaa nione kama iko sawa," nami nikadhani ni uangalifu wa kazi! Nikamuuliza, "Kwa hiyo siku ile ya kiti...?" Akasema, "Ulikalia kiti cha mteja mwingine ukisubiri risiti. Kilikuwa cha sponji nene."

Tulicheka hadi barakoa ikateremka kidevuni, na vumbi la kochi la jirani likafanya lililobaki. Zilikuwa nne. Ya nne ilibadili nia mara mbili.

Nilirudi mezani nikaandika bila kunyanyua kichwa. Hadithi imo ndani ya bahasha hii, imekamilika, inanuka gundi kidogo. Mwashi ameingia ndani hatimaye. Ameweka kwanza mwiko chini, kama alivyoelekezwa.

Kwa hiyo barua ya onyo usiiandike. Makochi ya kurithi yadumu. Badala yake mume wangu anauliza, na ameniomba niulize mimi maana yeye anaona haya, kama kati ya chafya na makoti ya mvua kuna nafasi ndogo kwa mtu anayetaka kuandika kuhusu pumzi za sponji. Hajawahi kuandika chochote zaidi ya vipimo, lakini ameshaanza, na leo ni yeye aliyenyamazisha nyundo na kuomba kuazima kalamu.

Tutakuja wote wawili kabla ya mwezi kuisha. Atabeba koleo na uzi akurekebishie kile kiti cha wageni, nami nitakaa pembeni nimtazame anapokichana. Nakuomba kitu kimoja tu, Ndugu Mhariri: usikifute vumbi.